Shajara ya mradi: paruasi (parokia) moja ya Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, wiki 52

Kabla ya kuanza

Ombi lililoletwa kwetu lilikuwa la ujenzi. Baraza la wazee wa kanisa lilitaka ukuta wa nyuma usogezwe mita nne kuelekea mteremko, viti viongezwe na vipaza sauti viwili vinunuliwe, maana kila Jumapili watu husimama mlangoni mpaka ibada inakwisha. Ukitazama kwa macho, kanisa limejaa.

Tuliomba wiki nane za kuhesabu kabla ya mtu yeyote kushika chepeo. Hapa Bukavu ukuta wa upande wa mteremko haujengwi peke yake. Unadai kwanza ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na huo unaweza kumeza sadaka za mwaka mzima. Lakini hata fedha zingekuwepo tungeomba vilevile. Watu kusimama mlangoni ni dalili kama homa, na muuguzi mwema hupima damu kabla ya kutoa dawa ya malaria.

Wiki ya 1 hadi ya 8: kuhesabu

Wahesabu ni wawili, mmoja kila upande, na hawaonyeshani namba mpaka kila mmoja ameandika yake. Wanahesabu baada ya wimbo wa pili, kisha tena kabla ya sadaka. Inayobaki daftarini ni hesabu ya pili, kwa sababu ya waliochelewa. Watu wazima, watoto na wageni wana safu zao. Safu ya nne ni ya hali ya hewa, na hiyo isiachwe. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua ya asubuhi inaweza kupunguza karibu nusu ya watu, na asiyeandika "mvua" kando ya namba atakuja kusema waamini wamepoa.

Makosa ya wiki mbili za kwanza: korali ilihesabiwa jukwaani, ikahesabiwa tena iliporudi kukaa. Watoto waliotoka kwenda mafundisho yao walihesabiwa ndani na nje. Jumapili ya mavuno tuliiondoa kabisa, kwa kuwa siku hiyo huja hata ndugu wa ndugu. Zilibaki namba saba. Tulizipanga kutoka ndogo hadi kubwa tukachukua ya nne, iliyo katikati. Njia hii ni bora kuliko kujumlisha na kugawanya, kwa sababu siku moja ya mvua kubwa haiwezi kuivuta.

Namba ya katikati: watu wazima 158, korali ikiwemo. Viti navyo vilipimwa kwa futi kamba. Benchi 34 za mita 2.5, mtu mzima akipewa sentimeta 50, zinakalisha 170. Viti vya korali 28. Nafasi 198 kwa watu 158. Kanisa halikuwa limejaa.

Nafasi 40 zilikuwa wapi? Benchi tatu za mbele zilitengwa kwa wageni wa heshima ambao Jumapili nyingi hawakuja. Kwingine anayefika mapema hukaa mwanzoni mwa benchi, karibu na njia, na anayechelewa huona haya kumruka mama mwenye mtoto mgongoni. Wapokeaji wanne walielekezwa kujaza benchi kuanzia mbele na kuanzia ukutani, na mlango wa ubavuni ukafunguliwa kwa wanaochelewa. Baada ya hapo hakuna aliyesimama mlangoni. Gharama: hakuna.

Wiki ya 9 na ya 10: daftari la wageni

Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipoonekana. Daftari la wageni la miezi sita lilikuwa na majina 143. Tulilipitia jina kwa jina pamoja na mashemasi. Waliojulikana bado wako kanisani: 17.

Basi watu hawakukosa kuja. Kanisa hili ni bidoni (dumu) inayojazwa kila Jumapili huku chini ina tundu, na ombi la kwanza lilikuwa kununua bidoni kubwa zaidi.

Tulitafuta tundu kwenye daftari lenyewe. Safu ya simu ilikuwa mstari mtupu wa kuandikia, na namba nyingi zilikosa tarakimu moja. Safu ya anwani ilijaa maneno kama "Nyamugo, karibu na depo", yaani mtaa na ghala la bidhaa. Mteremkoni, ambako nyumba zimepandana na njia ni ngazi za udongo, depo ni nyingi na nyumba nyingi hazina namba. Daftari jipya lina visanduku kumi vilivyochorwa, tarakimu moja kila kisanduku. Anwani imegawanywa mara tatu: avenyu (njia ya mtaa), jina la mwenye parseli (kiwanja), na mtu wa kanisa anayekufahamu. Swali la tatu ndilo lenye faida kuliko yote, maana mgeni hufika kwa kuletwa na mtu, na huyo aliyemleta anajua ngazi za kwao.

Wiki ya 11: ziara ya saa 48

Mgeni wa Jumapili atembelewe kabla ya Jumanne jioni. Haendi mchungaji, wanakwenda wawili wanaokaa avenyu hiyo au ya jirani, mmoja awe mama. Dakika kumi na tano, wakiwa wamesimama au wamekaa, kama mwenyeji atakavyo. Maneno ya kuanzia yamekubaliwa: "Bwana asifiwe, mama. Tulikuona kanisani Jumapili, tumekuja kukusalimia tu." Kisha wanauliza kama kuna jambo la kuombea, wanaomba, wanataja siku ya kikundi cha avenyu (kikundi cha maombi cha majirani), wanaaga.

Mambo matatu hayatajwi katika ziara hii. La kwanza ni sadaka. La pili ni kanisa alilotoka, kwa sababu swali hilo humfanya aliyegombana na watu wake ajitetee siku ya kwanza. La tatu ni "wewe ni wa wapi?" Katika Kivu swali hili lina uzito mkubwa. Katika mji uliopokea wakimbizi wa vita kwa miaka mingi, linaweza kusikika kama upelelezi, na mwingine ataondoka bila kusema kwa nini. Akitaka kusema kwao, atasema mwenyewe.

Wiki ya 12 hadi ya 20: vikundi vya avenyu

Kwenye karatasi vilikuwepo vikundi 14. Tulipozunguka vyote kwa miguu tulikuta vinavyokutana ni vitano. Tisa vilikufa, na kila kimoja kina sababu yake. Tunaziandika kwa kirefu kwa sababu ndizo sehemu ya shajara hii itakayowafaa wengine kuliko zote.

Vinne vilikufa kwa chai. Nyumba ya kwanza ilitoa chai. Ya pili ikaona aibu kutoa chai kavu, ikaongeza mkate. Ya tatu ikapika bugali (ugali) na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Nyumba ya tano ilikuwa ya mjane anayeuza makaa kwa rundo. Akasema anaumwa, wiki iliyofuata akasema amesafiri. Baada ya hapo hakuna aliyekubali kupokea. Kanuni mpya ni maji ya kunywa tu, kila nyumba, bila ubaguzi, hata kwa mwenye uwezo. Mwenye uwezo ndiye wa kuelezwa kwanza na kwa upole, maana yeye anatoa kwa moyo mwema, na moyo wake mwema ndio unaofunga mlango wa jirani.

Viwili vilikufa kwa makuta, yaani fedha. Likelemba (kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu) ilianzishwa ndani ya kikundi cha maombi. Aliyepokea zamu ya kwanza hakuendelea kutoa; wenzake hawakuweza kuomba naye tena, wala kumdai mbele ya Biblia. Kuweka akiba pamoja ni jambo zuri na tunalitia moyo, ila liwe na siku yake, wakuu wake, na sanduku lake la kufuli tatu ambalo funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kikundi cha avenyu hakishiki fedha yoyote.

Viwili vilikufa kwa giza. Vilikutana saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapa jua huzama karibu na saa kumi na mbili na robo, umeme unakatika, ngazi zina utelezi, na wamama hawataki kurudi usiku. Sasa vikundi vyote vinaanza saa kumi alasiri na kufunga saa kumi na moja na robo. Wafanyabiashara wa soko la Kadutu, ambao saa hiyo ndiyo ya wateja, wana kikundi chao saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya kupanga bidhaa.

Cha tisa kilikufa kwa kukua. Kilifika watu 26 katika chumba cha mita tatu kwa nne. Wasemaji walikuwa wanne, wengine wakawa watazamaji, kisha watazamaji wakaacha kuja. Kipimo chetu ni watu wazima 8 hadi 12. Wakifika 15 wanagawanyika. Mgawanyiko huumiza, kwa hiyo usiwe habari ya ghafla. Tangu siku ya kwanza kila kikundi kina watu watatu wenye kazi: kiongozi, msaidizi anayejifunza kuongoza, na mwenye nyumba. Msaidizi ndiye kikundi cha pili ambacho bado hakijazaliwa. Pasipo msaidizi, kikundi hakigawanyiki hata kikifika watu 20, kinasubiri.

Yetro alimwambia Musa jambo hilihili katika Kutoka 18: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Wengi hulisoma andiko hili kama ushauri wa utawala. Lisome tena na utaona Yetro anahofia mambo mawili, kwamba Musa atachoka na kwamba watu nao watachoka pamoja naye, wakisimama toka asubuhi hadi jioni. Mkutano wenyewe ni dakika 75: salamu na wimbo 10, kusoma andiko la Jumapili 10, maswali 30, kuombeana 20, matangazo 5. Maswali ni manne na hayabadiliki: andiko linasema nini juu ya Mungu, linasema nini juu yetu, nini kigumu kuelewa, na wiki hii nitafanya nini. Wiki inayofuata mkutano unaanza kwa swali la nne: lilifanyika?

Lugha: kusoma ni kwa Kiswahili, kuomba ni kwa lugha ya kila mtu. Wamama wazee wa Kishi walikuwa wanakaa kimya kwa miezi. Waliporuhusiwa kuomba kwa Mashi, lugha yao, chumba kilijaa sauti yao.

Wiki ya 21: kazi za mchungaji

Tuliandika kila kilichofanywa na mchungaji kwa siku saba. Matanga matatu, kila moja zaidi ya siku moja. Ugomvi wa mipaka ya parseli. Kununua mafuta ya jenereta. Kusaini barua. Kumaliza neno la Jumapili Jumamosi usiku, kwa mwanga wa simu. Kufundisha viongozi: hakuna saa hata moja.

Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume hawakuongeza bidii yao wenyewe. Walitaka watu saba wachaguliwe. Mchungaji alibaki na mambo manne: neno, ubatizo na meza ya Bwana, kufundisha viongozi, na mambo mazito yaliyoshindikana chini.

Lililokuwa gumu ni matanga. Kwa utaratibu mpya, saa 24 za kwanza kiongozi wa avenyu na wazee wawili wanakaa na wafiwa, wanapanga nyimbo, wanasaidia kutafuta maji na viti. Mchungaji anakuja siku ya mazishi. Familia ya kwanza ilichukizwa na ilikuwa na haki, kwa sababu jambo lilianza kabla halijatangazwa. Sasa limetangazwa Jumapili tatu mfululizo na mchungaji mwenyewe, na kiongozi anayekwenda anabeba barua ya pole yenye sahihi yake. Barua inasomwa mbele ya wafiwa. Tangu hapo lawama zimepungua sana.

Wiki ya 22 hadi ya 30: viongozi

Vikao sita, kila kimoja cha muda wa saa mbili, Jumamosi baada ya salongo (kazi ya usafi ya pamoja). Baada ya kila kikao msaidizi anafanya sehemu moja ya mkutano huku kiongozi akimwangalia, na siku hiyohiyo anaambiwa alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Kikao bila zoezi hakihesabiwi.

1 Timotheo 3 inakataza mtu aliyeongoka karibuni asije akajivuna, na inataka mashemasi wapimwe kwanza. Kipimo chetu ni cha kawaida sana: miezi mitatu ya kazi isiyoonekana, kama kufagia, kupanga benchi au kutembelea wagonjwa wa hospitali, bila cheo. Waliopendekezwa walikuwa 22. Waliomaliza miezi mitatu 13. Baadhi ya waliokoma ndio waliokuwa na Kifaransa kizuri na suti nzuri. Uchaguzi wa zamani ulifuata kijiji cha asili na uwezo wa mfuko, na matokeo yake kila ugomvi wa baraza uligeuka kuwa ugomvi wa kabila. Tunalisema waziwazi kwa sababu linaua makanisa mengi katika mji huu.

Wiki ya 31: neno la Jumapili

Mahubiri yalikuwa dakika 50, kwa Kifaransa na mkalimani. Toa muda wa mkalimani, yanabaki maneno ya dakika 25, tena yaliyokatwakatwa. Sasa ibada moja ni Kiswahili tupu, dakika 30, kwa kufuata kitabu kimoja cha Biblia sura kwa sura. Vijana wa chuo wanaotaka Kifaransa wana ibada ya mapema yenye watu wachache, na hiyo imepunguza msongamano kuliko ukuta wowote. Mvua ikipiga bati hakuna kipaza sauti kinachoishinda. Wakati huo watu wanasoma zaburi kimyakimya na kuomba, mahubiri yanasubiri. Dari ya mbao nyepesi imewekwa katika bajeti kabla ya vipaza sauti.

Wiki ya 32 hadi ya 36: fedha

Sadaka inahesabiwa na watu watatu wasio na undugu, mara tu baada ya ibada, mlango ukiwa wazi. Franka na dola zinaandikwa kila moja peke yake, na dola iliyochanika ina mstari wake, kwa kuwa sokoni haipokelewi na isiongeze jumla ya uongo. Sahihi tatu. Nakala moja kwa mweka hazina, moja kwa karani. Kila mwezi jumla ya mapato na matumizi inabandikwa ubaoni nje. Paulo katika 2 Wakorintho 8 alituma fedha pamoja na ndugu wengine ili asilaumiwe na mtu, naye alikuwa mtume. Shemasi wa Kadutu asione kwamba kuhesabiwa ni kutoaminiwa.

Kosa tulilokuta: namba ya kupokea sadaka kwa simu iliandikishwa kwa jina la mtu mmoja, naye alihama mji. Hakuiba. Lakini fedha zilikaa huko wiki tano, na katika wiki hizo maneno yalifanya uharibifu mkubwa kuliko wizi. Sasa laini inakaa ofisini, nambari ya siri imegawanywa kwa watu wawili, nusu kwa nusu, na salio linaandikwa kila Jumatatu.

Katika karne ya 19 viongozi wa misheni Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani walisema kanisa changa lijitawale, lijitegemee na lijieneze lenyewe. Nguzo ya pili ndiyo inayolegea kwetu. Jenereta ilitolewa na marafiki wa mbali. Mafuta hayakutolewa, na kila saa ya ibada inakula zaidi ya lita moja. Kanuni iliyopitishwa na baraza: zawadi yoyote inapokelewa baada ya kuandika nani atalipa matumizi yake kwa miezi 12. Na ujenzi hauanzi kabla ya kuwa na akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya kawaida.

Wiki ya 37: watoto

Watu wazima wawili katika kila chumba, kamwe si mmoja. Mlango wazi. Mwalimu mmoja kwa watoto 12. Mtoto anarudishwa kwa aliyemleta, jina kwa jina. Haya hayajadiliwi.

Wiki ya 40 hadi ya 46: ugomvi, na shapeli iliyoharakishwa

Mathayo 18 ina hatua tatu: wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Kinachotokea mara nyingi ni kuanzia ya tatu, kwa tangazo au kwa maombi marefu yanayomlenga mtu. Tumeweka siku saba kwa hatua ya kwanza na kumi na nne kwa ya pili, na mzee anayepokea mashitaka anauliza swali moja kwanza: "Umeenda kwake?" Kama bado, anarudishwa.

Shapeli (kanisa dogo) ya upande wa Panzi, mtaa mwingine wa Bukavu, ilifunguliwa wiki ya 41 na ikafungwa wiki ya 46. Sababu zinajulikana. Kulikuwa na kikundi kimoja tu upande ule, sharti la kufungua shapeli likiwa vinne. Kiongozi alikuwa na miezi minne ya mafunzo, sharti likiwa kumi na miwili. Kodi ya chumba ililipwa na paruasi mama, hivyo hakuna aliyeona ni yake. Shinikizo la kuonyesha matunda kabla ya mkutano mkuu ndilo lililotuvusha masharti, na sisi tulinyamaza tulipopaswa kusema. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, Mungu akakuza. Mwenye kuvuta mche ili urefuke huung'oa. Wale watu 11 wa Panzi wanakutana bado kama kikundi, sebuleni, kwa maji ya kunywa.

Wiki ya 52: hali ilivyo

Vikundi vinavyokutana 12. Watu wazima Jumapili, namba ya katikati ya wiki nane za mwisho katika ibada zote mbili: 187. Wageni walioandikwa tangu wiki ya 11: 204, waliomo kikundini sasa: 71. Kikundi cha Cimpunda kimefika watu 16 na kinagawanyika mwezi ujao. Msaidizi ni mama muuza ndizi aliyekataa mara mbili kabla ya kukubali. Akiba: mwezi mmoja na nusu kati ya mitatu. Ukuta wa nyuma upo pale ulipokuwa.

Yaliyobaki kwa robo ya kwanza ya mwaka wa pili: dari kabla ya Septemba, kikundi cha pili Panzi, mwalimu wa tano wa watoto, na kupitia upya majina 143 ya daftari la zamani. Ziara za hao zinaanza Jumatatu, avenyu kwa avenyu, kuanzia Nyamugo.